Mwizi Hakuwa Yeye

Darasani Bariadi nilizoea kumtaja fisi maji kuwa mwizi wa samaki. Historia ya ziwa yanikosoa. Sangara alipandikizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 furu, chakula cha fisi maji, walikuwa wamepungua mno. Nyavu nazo humzamisha, kwani huvuta pumzi kama sisi.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ilivitambua vikundi vya wanavijiji vya kulinda mialo. Havikuundwa kwa ajili ya mnyama huyu; lakini kila wavu haramu unaoopolewa ni mtego mmoja uliopungua.

Ndugu msomaji, sisi ndio tuliomnyang'anya chakula. Nawaomba radhi wanafunzi wangu.