Siku Moja Katika Soko la Malkia

Kila mwaka, karibu na mji wa Los Angeles huko Marekani, watu wa zama zetu huvaa mavazi ya karne ya 16 na kwenda sokoni. Ni Soko la Renesansi, yaani la zile nyakati ambamo elimu na sanaa zilizaliwa upya katika Ulaya. Mgeni aingiaye asubuhi humkuta mhunzi akifua chuma, mfinyanzi akizungusha gurudumu lake, waigizaji wakisema Kiingereza cha kale, na wapanda farasi wakishindana kwa mikuki. Kisha tarumbeta hulia, na Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyeitawala Uingereza tangu 1558 hadi 1603, hupita na msafara wake. Watu huinama, hucheka, halafu huenda kula paja la bata mzinga. Ndege ambaye asili yake ni Amerika, na aliyekuwa bado mgeni kwa Waingereza wa enzi hiyo.

Asili ya soko hili yatugusa sisi tuliolelewa katika kazi ya ualimu. Mwalimu mmoja, Phyllis Patterson, alikuwa akiwafundisha watoto michezo ya kuigiza nyuma ya nyumba yake katika Laurel Canyon. Hakuwapa historia ya kunakili ubaoni. Aliwapa mavazi na jukwaa. Mwaka 1963, pamoja na mumewe Ron, alifungua soko la kwanza kwa siku mbili za mwezi wa tano, ili kuichangia fedha KPFK, redio iliyoishi kwa michango ya wasikilizaji wake. Mfano wao umeigwa katika majimbo mengi. Nasi twausifu, kwa maana mtoto aliyevaa joho la mfalme hasahau upesi mfalme huyo alikuwa nani.

Hata hivyo, joho huonyesha kile tu ambacho mshonaji amechagua. Mwaka 1562 baharia Mwingereza John Hawkins alikwenda pwani ya Sierra Leone, akawakamata Waafrika, wengine akiwapora kutoka meli za Wareno, akavuka nao bahari na kuwauza katika kisiwa cha Hispaniola. Faida ilikuwa kubwa. Basi mwaka 1564, kwa safari ya pili, Malkia mwenyewe alimkopesha meli. Meli hiyo iliitwa Jesus of Lübeck, yaani Yezu wa Lübeck. Tunaomba msomaji asilipite jina hili haraka: ndani ya meli yenye jina la Mkombozi, watu walisafirishwa kwenda kuuzwa. Hawkins aliporudi alipewa nembo ya heshima, na juu yake ilichorwa sura ya Mwafrika aliyefungwa kamba.

Biashara hiyo haikuanza na Waingereza. Mwaka 1526, kabla Elizabeth hajazaliwa, Afonso wa Kwanza, mfalme wa Kongo, aliyebatizwa mwaka 1491, alimwandikia João wa Tatu, mfalme wa Ureno. Alilalamika ya kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiwakamata raia wake, hata wana wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe, na ya kwamba nchi ilikuwa ikibaki bila watu. Afonso alikuwa ametuma vijana kusoma Lisbon, na mwanawe Henrique alifanywa askofu. Ikiwa Renesansi ni kupenda vitabu na kuandikiana kati ya mataifa, basi yeye naye alikuwa mtu wa Renesansi, naye aliishi Mbanza Kongo.

Hatusemi soko lile lifungwe, wala kwamba furaha yake ni ya uongo. Mhunzi wake ni mhunzi kweli. Lakini katika soko linalojivunia kuonyesha biashara zote za enzi ya Malkia, tungependa kuona pia meza moja yenye karatasi na wino, na mwigizaji akiandika malalamiko ya Afonso. Maneno yake hayahitaji kubuniwa: barua zake kwa Kireno zimehifadhiwa hadi leo katika nyaraka za taifa, Lisbon.