Kiamsha-Sirtuini

Katika mwili wa mwanadamu iko jamii ya vimeng'enya saba viitwavyo sirtuini, jina lililotokana na SIR2, jeni ya hamira. Na kazi yao mashuhuri ni kuziondolea protini vipande vya asetili vilivyonasa juu yake, kazi isiyotimia pasipo msaada wa molekuli iitwayo NAD. Zipo kampaundi ambazo, zikishikamana na kimeng'enya cha jamii hiyo, hukifanya kiikamate protini yake kwa nguvu zaidi, na hizo ndizo zitafutiwazo jina hapa.

Wako wapendao kusema kichocheo cha sirtuini. Rai hiyo siikubali, kwa sababu kimeng'enya chenyewe ni kichocheo, na mwanafunzi atakayeambiwa habari za kichocheo cha kichocheo hatafahamu kipi kinafanya nini. Dawa ya ujana ni jina baya zaidi, maana ladai jambo ambalo halijathibitika kwa binadamu. Mwaka 2003 Konrad Howitz, David Sinclair na wenzao walitangaza kwamba resveratroli, ipatikanayo katika ganda la zabibu nyekundu na, kwa kiasi kidogo mno, katika karanga kama hizi zikaangwazo Ngamiani, Tanga, iliamsha sirtuini na kurefusha maisha ya hamira. Lakini mwaka 2010 watafiti wengine walionyesha kuwa athari ile ilionekana pale tu protini ya majaribio ilipobandikwa rangi ing'aayo, hata mwaka 2013 Sinclair na wenziwe wakajibu kwamba kwa baadhi ya protini zisizo na rangi uamsho ule ni wa hakika.

Basi naona kiamsha-sirtuini ndiyo istilahi aula, kwa umbo lile lile la kiamsha kinywa, kwani kiamshwacho kipo tangu hapo, wala kampaundi haikiumbi. Sirtuini lenyewe na libaki kwa matamshi yetu, kama lilivyobaki kwinini, ambalo watu wa Muheza na Tanga walilizoea tangu Wajerumani, waliofungua chuo cha utafiti Amani mwaka 1902, walipopanda mikwinini katika milima ya Usambara. Amma nikotinamidi, aina ya vitamini B3 ambayo hufanya kinyume cha kiamsha, yaani huzizuia sirtuini, kwa kipimo hicho hicho itaitwa kizuia-sirtuini.