LCROSS
LCROSS ni chombo cha anga cha NASA kilichogongeshwa Mwezini kwa makusudi tarehe 9 Oktoba 2009 ili kutafuta maji. Kwanza kipande cha roketi aina ya Centaur, chenye uzito wa tani 2 na ushei, kilijibwaga katika kasoko ya Cabeus, karibu na ncha ya kusini, mahali pasipofikiwa na jua. Chombo chenyewe kikapita kwenye vumbi lililotimka, kikapima, kisha nacho kikagonga dakika 4 baadaye. Baadhi ya watu walipinga: Mwezi ni wa wote, nani katoa ruhusa? Swali hilo lilikuwa la haki. Lakini hofu yao ya kuuharibu Mwezi haikuwa na msingi, kwani vimondo huupiga kila mara. Novemba 2009 NASA ilitangaza kuwa maji yamepatikana.