Wino wa masizi na wino wa chupa

Majumba ya Regent Park, hapa Toronto, yaliyoanza kujengwa 1948, yamekuwa yakibomolewa kwa awamu tangu miaka ya 2000, na kila jamaa wanapohama masanduku hufunguliwa. Humo tumekuta jambo lenye kushangaza: waraka wa babu, wa herufi za Kiarabu, bado ni mweusi, barua ya baba, iliyoandikwa miongo mingi baadaye, haisomeki.

Sababu ni wino. Babu aliandika kwa kalamu ya tete na masizi yaliyokorogwa kwa gundi ya mgunga. Masizi hayapauki kwa jua. Adui yake ni maji, na kila aliyesoma chuoni aliosha ubao wake akaandika upya. Lakini masizi huganda na kuziba vifereji vyembamba vya kalamu ya wino, ile aliyoipatia hataza Lewis Waterman wa New York mwaka 1884. Kalamu hiyo ilitaka wino mwepesi, wa rangi iliyoyeyuka. Quink ya Parker, iliyotoka 1931, iliuzwa ya kudumu na ya kufulika. Buluu ya kufulika, iliyosifiwa kwa kutoka nguoni (kanzu nyeupe ilihitaji huruma), ndiyo inayofifia upesi kwa mwanga.

Basi wanaoanza kunakili hati kongwe kwa heshima ya mababu wanaanza pasipo haraka. Tunashauri barua ya buluu itolewe kwanza kwenye fremu iliyo karibu na dirisha, ipigwe picha, kisha iwekwe gizani.