Triko la zawadi: toka foyer social mpaka mikononi mwa rafiki

Wasomaji wetu waliokulia Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi wanakumbuka picha hii: mama ameketi kwenye baraza, uzi ndani ya kikapo, sindano mbili zinagongana, na yeye anasimulia habari bila kuangalia mikono. Tumeizoea hata tunadhani ilikuwako siku zote. Hapana, haikuwako.

Wazee wetu walijua nyuzi, na walizijua sana. Kwa Wakuba wa Kasai wanaume ndio walifuma rafia, na wanawake wakapamba kitambaa kwa sindano mpaka kikawa laini kama manyoya. Lakini triko, kitanzi kupita ndani ya kitanzi, ni kazi ingine. Watu wanasema ni ya Wazungu. Nusu tu ni kweli: kati ya triko za zamani kuliko zote zinazojulikana ni soksi za pamba, nyeupe na buluu, zilizopatikana Misri, za kati ya karne ya 11 na ya 14. Afrika ilikuwa na triko muda mrefu mbele ya Ubelgiji kutuletea.

Kwetu ilifika kwa mikono ya masista wa misheni, kisha kampuni. Mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilichoka kuchukua wanaume wa muda mfupi. Ilitaka mfanyakazi akae kambini na bibi yake na watoto. Basi bibi naye akafundishwa: kushona, kupiga pasi, kupeleka mtoto kwenye kilo, kufanya triko. Baada ya vita ya 1940-45 nyumba zilizoitwa foyer social zikaenea mijini. Tuseme wazi, hazikufunguliwa juu ya kumpa mama uhuru. Walimtaka awe bibi wa nyumbani kwa mfano wa Ubelgiji. Na vinguo vya mtoto mchanga vilitolewa kama matabishi kwa mama aliyekubali kuzaa kwenye maternité. Matabishi si zawadi. Yanatoka kwa mkubwa na yanangojea utii.

Bamama walichukua sindano, hayo mengine wakayaacha pale. Union Minière ikawa Gécamines, na katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Halafu mgodi wa Kamoto ukabomoka mwaka 1990, kazi ikaanguka, mishahara ikakawia miezi na miezi, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondolewa. Ile wakati mupira wa mtoto wa triko uligeuka unga wa bukari. Kufanya triko bure, kwa rafiki tu, kulikuwa kujinyima chakula. Ndiyo sababu zawadi hiyo ilikuwa na uzito.

Sisi wenyewe tulipima uzito huo mwaka 2007. Rafiki yetu alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya tatu ikafika mwezi wa sita. Tukaamua kumfanyia blanketi ya misokoto, kazi ambayo hatukuwa tumejaribu hata siku moja. Lakini kwa wazee wengi wa kwetu nguo ya mtoto haitayarishwi mbele ya mtoto kufika. Ni kumwita kwa nguvu. Kununua hapana, kuonyesha hapana. Tulifanya kwa siri, usiku, mlango umefungwa.

Uzi ulitoka kwa miupira ya friperi: tuliifumua, tukaosha nyuzi, tukazifungia jiwe ili zinyooke. Vitanzi vilikuwa 126: misokoto 9 ya vitanzi 6, nafasi 10 za vitanzi 6, na pindo vitanzi 6 kila upande. Kila mstari wa 8, vitanzi 3 vinahamia sindano ya tatu na kungoja, mbele ao nyuma, wakati vingine 3 vinapita. Ukikosea mbele na nyuma, msokoto unageukia kwa jirani. Tulikosea. Tulitambua mistari 32 baadaye, tukakaa kitambo tukiangalia ile kazi, tena tukafumua yote.

Mama mzee mmoja aliyesoma foyer zamani alitukamata na sindano mkononi. Tulingoja atukemee juu ya mwiko. Akauliza tu: «Mwanangu, ni ya kuuza?» Tukajibu hapana, mama, ni ya rafiki. Akavuta kiti. «Leta. Unakaza uzi sana, mtoto atakuwa ndani ya mkeka.»

Mtoto alizaliwa mwezi wa saba, wakati wa baridi, msichana. Siku ya tatu ndipo tulipeleka blanketi, imefungwa ndani ya kitenge. Mama mkwe wake aliigeuza, akaangalia mishono, halafu akatuangalia sisi. Alihesabu miezi, ilionekana usoni. Hakusema neno.

Rafiki yetu ndiye aliona, karibu na pindo, msokoto mmoja uliogeukia mahali pabaya, huo ulitupita. Tukaomba tuirudishe nyumbani kuirekebisha. Alikataa, akamfunika mtoto.

Blanketi ilirudi kwetu mara moja tu, miaka mingi baadaye, pindo limekatika, juu ya mtoto wake wa tatu aliyekuwa njiani. Safari hii aliileta yeye mwenyewe, mchana, mimba ingali mezi tano.