Sukari, Chupa na Mikono ya Wanawake: Historia ya Jemu ya Nyumbani

Mwaka 1810, mtengeneza peremende wa Paris aitwaye Nicolas Appert alichapisha kitabu kilichofundisha namna ya kuhifadhi vyakula kwa muda mrefu bila kuoza. Serikali ya Ufaransa ilimpa faranga 12,000 kwa sharti kwamba siri yake aitoe hadharani, kila mtu aisome. Njia yenyewe ilikuwa nyepesi. Tunda, mboga au nyama hutiwa katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, chupa huzibwa barabara kwa kizibo kilichokazwa kwa waya, kisha huzamishwa ndani ya maji na kuchemshwa. Kabla ya hapo jeshi la majini la Ufaransa lilikuwa limevijaribu vyakula vyake huko Brest na kuvikuta vizima.

Kwa nini havikuoza? Appert hakujua. Maelezo yenyewe yalikuja katika miaka ya 1860, Louis Pasteur alipoonyesha kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho ndivyo vinavyoozesha, na kwamba moto huviua. Kwa takriban nusu karne, basi, watu walikula vyakula vya chupa na vya makopo vilivyotayarishwa kwa ujuzi wa mikono tupu. Jambo hilo lastahili kukumbukwa kila inapodhaniwa kwamba maarifa huanzia maabara na kushukia jikoni.

Jemu yenyewe ni kongwe kuliko chupa ya Appert. Warumi walihifadhi matunda ndani ya asali. Wahindi ndio waliogundua jinsi ya kugeuza maji ya miwa kuwa chembe za sukari, Waajemi na Waarabu wakaueneza ufundi huo hadi Misri na Hispania, na pamoja nao desturi ya kupika matunda kwa sukari. Mwaka 1555 Nostradamus, yule Mfaransa ambaye leo anajulikana kwa utabiri tu, alichapisha kitabu chenye maelekezo ya kupika matunda kwa sukari. Kazi yake ya asili ilikuwa tiba, na wakati huo sukari ilihesabiwa miongoni mwa dawa. Maskini wa Ulaya hakuionja.

Sukari ilivyopungua bei ndilo doa jeusi katika historia hii. Wareno walipanda miwa Madeira, kisha São Tomé, kisha Brazil, na mataifa mengine ya Ulaya yakafuata katika visiwa vya Karibi. Mashamba hayo yaliendeshwa kwa jasho na damu ya Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo. Pwani yetu nayo haikusalimika: katika karne ya 19 bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Historia ya jemu inayoruka ukurasa huu haijakamilika, hata iwe imeandikwa kwa ufasaha gani.

Uingereza ilipofuta ushuru wa sukari mwaka 1874, jemu ikawa chakula cha wavuja jasho. Mfanyakazi wa kiwandani asiyemudu siagi alipaka jemu kwenye mkate wake akaenda kazini. Familia ya Chivers ilikuwa imeanza kupika jemu kijijini Histon mwaka mmoja kabla, na baada ya muda si mrefu viwanda vya namna hiyo vikatapakaa nchini.

Nyumbani, shida ilikuwa chombo. Kizibo cha Appert kilitaka mkono wa fundi. Tarehe 30 Novemba 1858, fundi bati wa Marekani, John Landis Mason, alipata hataza ya chupa ya kioo yenye hesi mdomoni, ambayo kifuniko chake kinafungwa kwa kuzungushwa. Sasa mtu yeyote angeweza kuifunga, kuifungua na kuitumia tena mwaka unaofuata. Mason hakufaidika. Hataza ilipokwisha muda wake, wengine waliingia sokoni, wakiwemo ndugu watano wa ukoo wa Ball waliotajirika kwa chupa hizo. Yeye alikufa fukara mwaka 1902, kama Appert alivyokufa fukara mwaka 1841.

Kinachotokea ndani ya sufuria hakijabadilika. Tunda lina pektini, kitu kinachofanya rojo lishikane, ambacho Mfaransa Henri Braconnot alikipa jina mwaka 1825. Pektini hushikana ikikutana na uchachu na sukari nyingi, na ndiyo maana mpishi wa jemu ya tunda lisilo na uchachu wa kutosha hukamulia ndimu. Rojo huchemka hadi nyuzi 104 au 105 za Selsiasi, na sukari ikifika kama asilimia 60 ya uzito wote, vijidudu vingi hukosa maji ya kuishi. Uchachu wa tunda huzuia pia bakteria wa sumu hatari ya botulizimu. Maharage na nyama havina ngao hiyo, na kuvisindika nyumbani kwa kuchemsha chupa majini tu kumeua watu. Havifai kufanyiwa hivyo bila chombo cha mvuke wenye shinikizo.

Lakini chupa, sukari na kitabu havikutosha. Ujuzi ulisambaa kwa sababu wanawake walijipanga. Mwaka 1910, mwalimu wa kijijini South Carolina, Marie Samuella Cromer, aliwakusanya wasichana katika chama cha nyanya: kila mmoja alilima sehemu ya kumi ya ekari, akasindika mavuno yake na kuuza. Kwa wengi wao hizo zilikuwa fedha za kwanza kuwa mali yao wenyewe. Vyama vya aina hiyo vilienea katika majimbo mengine ya kusini.

Mfano mkubwa zaidi ulitokea Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Sukari iliwekewa mgao Januari 1940, huku matunda yakiiva mitini bila wa kuyala. Women's Institute, chama cha wanawake wa vijijini kilichoanzia Kanada mwaka 1897, kilinunua sukari kwa kibali cha serikali na kufungua vituo katika kumbi za vijiji, mabanda na majiko ya watu. Mwaka 1940 pekee vituo vipatavyo 2,600 vilitoa tani 1,631 za jemu na vyakula vingine vya kuhifadhi. Hadi vita vinakwisha, zaidi ya tani 5,300 za matunda zilikuwa zimeokolewa. Wanawake wale walifanya kazi kwa kujitolea, wakakaguliwa kwa masharti makali, na jemu yao ikaingia katika mgao wa taifa. Aliyekoroga sufuria kutwa nzima hakuwa na haki ya kubeba chupa za ziada nyumbani. Vitabu vya vita hujaa majina ya majemadari, na kina mama hawa wamepewa nafasi ndogo mno.

Nchini Tanzania, ujuzi huu umepita njia kadhaa. Pwani ilikuwa na achari yake ya maembe muda mrefu. Huko Lushoto, ambako plamu na pichesi hustawi kwa baridi ya Usambara, masista wa Ubiri wamejulikana kwa jemu yao ya kutengeneza kwa mkono. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973, limewafundisha wanawake wengi usindikaji wa matunda, na mpaka sasa chupa za vikundi vidogo huonekana kwenye maonesho ya Sabasaba na Nanenane.

Wanawake hao wana elimu ambayo haijaandikwa: tunda gani lichanganywe na lipi, rojo lionekane vipi kabla ya kuepuliwa, chupa ichemshwe kwa muda gani. Makumbusho na vyuo vyetu viwaendee na kurekodi wanayoyajua wakiwa bado hai, na majina yao yaandikwe.