Baridi Yabisi: Historia ya Jina la Maradhi na Mgonjwa wa Moyo Nakuru

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza asili ya baadhi ya maneno ya Kiswahili wanayoelezwa wagonjwa wa moyo na wa ngozi, hasa Nakuru na sehemu za kati za Bonde la Ufa. Kiswahili hakikuzaliwa huko. Kilifuata reli, iliyofika Kisumu mwaka 1901 baada ya kupita Nakuru, kisha kikawa lugha ya kazi katika mashamba ya walowezi, ambako Wakalenjin, Wakikuyu, Waluo, Waluhya na wengineo walikutana. Kwa hiyo mgonjwa wa Nakuru amerithi majina ya maradhi yaliyotungwa pwani, ila hakurithi elimu ya tiba iliyoyazaa.

2. Moyo

Neno moyo lenyewe lina maana pana. Pwani, asemaye kwamba moyo wamchafuka ana kichefuchefu. Na chembe cha moyo ni mahali palipo juu ya tumbo, chini ya kidari. Katika lugha ya Kikuyu, ngoro ni kiungo cha mwili na pia makao ya hisia. Vivyo hivyo oltau katika Kimaasai. Basi "moyo unaniuma" yaweza kuwa habari ya tumbo, ya huzuni au ya moyo wenyewe.

Neno presha nalo, lililotoholewa kutoka Kiingereza, hutumiwa kwa shinikizo la damu na pia kwa wasiwasi. Hatari yake ni dhahiri: shinikizo la damu aghalabu halina dalili, lakini mwenye kulidhania kuwa wasiwasi huweza kuacha dawa akili yake itulizanapo.

3. Baridi yabisi

Mfano ulio mzito zaidi ni baridi yabisi, jina la maumivu ya viungo. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na maana yake ni ubaridi na ukavu. Ndizo sifa mbili kati ya nne za tiba ya kale ya Kiyunani, iliyopangwa na Galen katika karne ya 2 na kuendelezwa na matabibu wa Kiislamu. Nyingine ni joto na unyevu. Katika elimu hiyo jina lilikuwa maelezo kamili ya chanzo cha ugonjwa.

Baadaye jina hilo lilitumiwa kutafsiri ugonjwa wa watoto uitwao homa ya baridi yabisi. Ugonjwa huu hausababishwi na baridi. Huanza kwa maambukizo ya koo yaletwayo na bakteria aina ya streptokoki. Mwili, katika kupigana nayo, huweza kudhuru viungo na vali za moyo, yaani vilango vya damu. Koo likitibiwa mapema kwa penisilini, moyo huweza kuokolewa. Lakini mzazi wa Molo au Njoro, penye baridi kali ya nyanda za juu, akisikia jina hilo atamvika mtoto sweta zaidi, wala hatalikumbuka koo.

4. Ngozi

Mwaka 1944 daktari Mmarekani, T. Duckett Jones, alipanga dalili za homa hiyo, na baadaye duara nyekundu za ngozi zikahesabiwa miongoni mwa dalili zake kuu. Hapa pana matatizo mawili. Kwanza, wekundu ni rangi ionekanayo vyema kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi ni vigumu kuuona. Pili, kwa Kiswahili upele wa duara una jina tayari, nalo ni choa. Choa ni ugonjwa wa kuvu, nao huwasha. Duara za homa hii haziwashi, na huja na kutoweka. Anayetafsiri neno kwa neno humwonyesha mzazi rangi asiyoiona, na kumwacha na jina lisilohusu.

5. Hitimisho

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoifahamu. Kutumia Kiswahili peke yake hakutoshi kutimiza sharti hilo. Tunapendekeza baridi yabisi ibaki kuwa jina la maumivu ya viungo, nalo lastahili heshima kwa ukongwe wake. Ugonjwa wa watoto na uitwe homa ya koo na moyo, ili mzazi asikiapo jina ajue pa kutazama kwanza. Wanaisimu na matabibu hawana budi kulijaribu pendekezo hili pamoja, mbele ya wagonjwa wenyewe.